JURI NA ASESA: NENO LA NANI LAHESABIWA?

Ndugu wafanya kazi,

Mtu wa Gikomba akiitwa kortini Makadara, mara nyingi linalomshinda kwanza si sheria, ni maneno ya sheria. Huambiwa hili na lile, akaitikia "ndiyo" bila kujua amekubali nini. Leo yafaa tupime maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: juri na asesa.

Juri ni raia wa kawaida walioapishwa kusikiliza kesi na kutoa uamuzi. Katika Uingereza huwa watu 12, na majina yao hutolewa kwa bahati katika daftari la wapigaji kura. Mshtakiwa aweza kumpinga mmoja wao akiwa na sababu, kwa mfano mtu huyo akiwa ni jamaa wa mlalamishi. Katika Marekani wakili huruhusiwa kuwakataa wachache hata bila kutaja sababu. Jaji huwaeleza sheria, lakini wao ndio wasemao: ana hatia au hana. Wakisema hana, mtu huyo huenda zake nyumbani, jaji apende asipende.

Asesa, ambaye wengine humwita mzee wa baraza, naye ni raia. Huketi karibu na jaji, akasikiliza mashahidi wote, na mwisho huulizwa maoni yake. Maoni, ndugu, si uamuzi. Jaji akiyaona mema huyafuata. Asipoyaona mema huyaacha.

Sasa tutazame nani alipewa kipi. Wakati wa ukoloni katika Kenya, juri ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kuua alipewa asesa. Novemba 1956, Dedan Kimathi alisimamishwa huko Nyeri mbele ya Jaji Mkuu, Sir Kenneth O'Connor, na asesa watatu Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Lakini hata wangalisema hana, jaji angaliweza kuwapuuza. Mwaka 1959 Mzungu Peter Poole alimpiga risasi na kumwua Mwafrika, Kamawe Musunge, hapa Nairobi. Yeye alipewa juri ya Wazungu wenzake. Juri ilimwona ana hatia, akanyongwa Agosti 1960. Mwisho wao ulikuwa mmoja, lakini katika kesi ya Poole neno la raia lilikuwa amri. Katika kesi ya Kimathi lilikuwa shauri tu.

Na wako waliokosa hata hilo shauri. Ndugu yetu Fred Kubai, mtu wa vyama vya wafanya kazi, alihukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta na wenzake. Hakimu Thacker aliamua peke yake, bila juri wala asesa, tarehe 8 Aprili 1953.

Uhuru ulipokuja, ubaguzi huo uliondoka. Lakini hatukupandishwa sote tukafika kwenye juri. Sote tuliachiwa asesa. Kisha mwaka 2007 sheria iliwaondoa asesa nao. Sababu zilitolewa, na nyingine zilikuwa za kweli: asesa akiugua au akikosa kufika, kesi ilikwama, na mshtakiwa akazidi kukaa rumande. Hatukatai. Lakini fundi wa Gikomba hachomi kiti kwa sababu mguu umelegea. Hupiga msumari.

Sisi wafanya kazi jambo hili latugusa zaidi. Mahakama ya kesi za kazi ilianzishwa mwaka 1964. Sheria ya 2007 iliweka kando ya jaji wajumbe wa upande wa waajiri na wa upande wa wafanya kazi. Sheria ya 2011 ikawabakiza majaji peke yao. Jaji aweza kuwa mwema na msomi, lakini hajapata kusimama mbele ya mashine saa kumi, wala kungoja mshahara usiofika. Mjumbe wetu alikuwa mtu wa kumwambia: "Bwana Jaji, kiwandani mambo hayaendi hivyo."

Katiba ya 2010 yasema katika kifungu cha 159 kwamba mamlaka ya mahakama hutoka kwa wananchi. Basi ikiwa yatoka kwetu, mbona hatuna hata kigoda mle ndani?

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, vyama vyetu vidai wajumbe warudi katika mahakama ya kazi, na safari hii neno lao liwe na uzito ulioandikwa katika sheria. Pili, kila mwanachama ajue kwamba Katiba, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila malipo. Amtake, asione haya. Tatu, ukialikwa kuketi katika kamati yoyote, iwe ya soko, ya kiwanda au ya korti, uliza kabla hujaketi: "Neno langu hapa ni maoni au ni uamuzi?"

Wakikujibu ni maoni, keti, lakini ujue umekalia nini. Na ukitoka humo, njoo chamani tudai lililobaki.

Wenu katika umoja,
Mwanachama, Gikomba