Mama wa Mimba ya Kwanza Asukume Saa Gani?

Katika maternite kubwa mama huweza kuchomwa sindano ya mgongo ili uchungu wa kuzaa upungue. Wengine humcheka, wakisema ni mvivu. Wasimcheke. Uchungu wa mimba ya kwanza ni mrefu, na kupunguziwa maumivu si aibu.

Lakini dawa hiyo huleta shauri moja. Mama hasikii vema hamu ya kusukuma, na miguu yake huwa mizito. Kwa hiyo wakunga wengi walimwambia, «Ngoja kwanza saa moja, mtoto ashuke mwenyewe.» Mimi nasema, tusimngojeshe bila sababu.

Sikilizeni. Mwaka 2018 waganga wa Marekani walitoa habari za mama 2,414 wa mimba ya kwanza, wote wenye dawa hiyo. Wengine walisukuma mara njia ilipofunguka kabisa, yaani sentimeta 10. Wengine walingojeshwa saa moja. Pande zote mbili, karibu 86 katika 100 walizaa bila vyombo wala kupasuliwa. Kungoja kulileta faida gani basi? Uzazi ulizidi kuwa mrefu kwa nusu saa hivi. Tena waliotokwa na damu nyingi walikuwa 4 katika 100, na kwa wale wasiongoja 2 tu na kidogo. Na ninyi mnajua jinsi damu inavyoua mama.

Tena alale namna gani? Uingereza, mwaka 2017, mama wenye dawa hiyo waliolala ubavu walizaa wenyewe 41 katika 100. Waliokaa wima, 35. Basi alale ubavu. Mama asiye na dawa achague mwenyewe namna inayomfaa.

Ninyi bibi na shangazi, msimhimize asukume kabla mkunga hajapima. Njia isipofunguka, nguvu zake zitapotea bure. Mkunga akisema angoje, mwulizeni sababu kwa heshima, pengine anayo.

Neno la mwisho. Sindano hii hushusha nguvu ya damu mwilini. Pahali pasipo na mtu wa kuipima, na kusikiliza moyo wa mtoto, na munganga wa kupasua, msiiombe. Huko msaada mwema ni mtu anayempenda, akae karibu, amsugue mgongo, ampe maji, asimwache peke yake.