Klabu Iliyokufa kwa Jina la Mlima Wetu

Mwezi Mei 2019, Mount Kenya United ilitimuliwa katika Ligi Kuu ya Kenya kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Kanuni ilikuwa wazi na hakuna aliyebisha. Wapinzani walipewa pointi za mezani, Gor Mahia wakatwaa ubingwa, na msimu ukaisha. Nyeri haikutandika matanga. Karatina, Kerugoya na Nanyuki pia hazikutandika, na toleo hili limeandaliwa kwa sababu ya ukimya huo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Agosti, huko Uingereza klabu ya Bury nayo ilifukuzwa kwenye ligi kwa sababu ya madeni. Ilikuwa klabu ya mwaka 1885, iliyoundwa na vijana wa makanisa mawili ya mji mmoja mdogo karibu na Manchester, na ilikuwa imetwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Siku zake za mwisho, mkurugenzi wake wa zamani, mama mtu mzima, alijifunga pingu kwenye bomba la uwanja wa Gigg Lane akagoma kuondoka. Kabla mwaka haujaisha, mashabiki walikuwa wameshaanzisha klabu mpya. Mwaka 2023 walirudi kucheza kwenye uwanja ule ule.

Klabu mbili zilikufa mwaka mmoja kwa ugonjwa mmoja. Iweje moja ipate wa kujifunga pingu na nyingine ikose hata wa kuulizia?

Tuifuate Mount Kenya United hadi ilikotoka. Ilianza ikiitwa Nakumatt FC, mali ya duka kubwa lililopata jina lake kutokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru. Iliingia Ligi Kuu mwaka 2017, ligi ilipopanuliwa kufikia timu 18, na mwaka huo huo rafu za Nakumatt zikaanza kubaki tupu. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Timu ilisukuma msimu huo kwa jasho la wachezaji, ikanusurika kwenye mechi ya mchujo dhidi ya Ushuru, kisha ikapata mmiliki mpya na jina jipya. Hapo ndipo mlima ulipoingia. Jina lilibadilika, wachezaji wakaendelea kulalamikia mishahara, na baada ya miezi michache mambo yakaisha.

Hatuna nia ya kumsulubu mtu. Aliyeinunua timu ile alitoa fedha ambazo sisi hatukutoa. Hoja yetu ni kwamba Nyeri haikuwa nyumbani kwake, na hakuna mkazi wa mji huu aliyekuwa na kadi, hisa wala kura katika klabu iliyobeba mlima wake kifuani. Kitu usichokuwa na kura ndani yake hukililii.

Kuna jibu jepesi tunalolisikia kila mara: watu wa mlimani hawana habari na mpira, wao ni biashara na mashamba. Atakayesema hivyo apite Karatina jioni ya Jumamosi, Arsenal wakiwa kwenye runinga, atafute kiti. Kuna na jibu lenye uzito zaidi, la historia. Klabu zilizotawala nchi hii, Gor Mahia, Luo Union na Abaluhya, zilijengwa juu ya vyama vya jamii. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka 1980, Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Reunion, na Reunion haikurudi tena kwenye ukuu wake wa zamani. Huku kwetu chama kilichovunjwa wakati huo kilikuwa GEMA, na fedha zake zilikuwa zimekwenda kwenye ardhi na makampuni. Hatukurithi klabu. Hilo ni kweli, lakini ni kisingizio cha miaka zaidi ya arobaini sasa.

Maana kumiliki kitu kwa pamoja tunakujua kuliko wengi. Mkulima wa Othaya mwenye mashina mia mbili ya kahawa ni mwanachama wa ushirika. Anajua kamati, anajua mkutano mkuu, na malipo ya kilo yakipungua anajua wa kumuuliza, tena kwa sauti. Viwanda vya chai vya Chinga na Iria-ini vina wakulima wenye hisa. Matatu zetu zina sacco. Mpira peke yake tumeuacha ungoje tajiri, halafu tumeungojea na uwanja: Kinoru ya Meru ilikarabatiwa kwa ajili ya CHAN 2018, mashindano yenyewe yakapelekwa Morocco, na Ruring'u yetu, ambako wapiganaji wa Mau Mau walikusanyika walipotoka msituni Desemba 1963, ilikaa miaka katika ukarabati usiokwisha.

Sasa Murang'a SEAL iko Ligi Kuu tangu 2023, na tunaitakia heri. Lakini Thika United, iliyotokana na kampuni ya maziwa ya Brookside na iliyomlea Francis Kahata kabla ya Gor Mahia na Simba, nayo ilikuwa huko juu hadi iliposhuka mwaka 2018. Oserian, timu ya shamba la maua Naivasha, ilikuwa bingwa wa nchi 2001 na 2002. Mwajiri alipochoka, hakuna aliyekuwa na haki ya kusema ibaki.

Kurasa zinazofuata zinazifuatilia klabu hizi moja baada ya nyingine, na pendekezo letu tunalitanguliza hapa ili msomaji alipinge akisoma. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inaruhusu klabu kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo ikiwa na katiba na wanachama wake. Nyeri ianze na hao: ada ndogo ya mwaka, kura moja kwa kila mtu, vitabu vya hesabu vikifunguliwa hadharani uwanjani Kamukunji. Ianzie ligi ya kaunti. Mfadhili akija akaribishwe, na mkataba wake useme jina, rangi na usajili vinabaki kwa wanachama siku atakapoondoka.