Ubatizo Mmoja: Tuwaseme Wabaptisti kwa Haki



Mwaka jana, tukiwa katika utume wa Jumapili kwenye kigango kimoja nje kidogo ya jiji la Dodoma, mama mmoja alitusubiri chini ya mbuyu mpaka watu wote walipotawanyika. Binti yake alibatizwa akiwa na miezi miwili, akapokea Komunyo ya Kwanza na Kipaimara papo hapo kigangoni, akaimba kwaya miaka sita. Sasa amechumbiwa na kijana Mbaptisti, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma kikazi, na wiki mbili zilizopita amezamishwa majini na kubatizwa upya. Baba yake ameapa kwamba hatakanyaga harusini. Wajomba hawataki hata kusikia habari za mahari. "Mafrateri," mama akasema, "ninyi mnaosoma, niambieni: yale maji ya kwanza yalikuwa ya bure?"

Tulimjibu haraka haraka. Tulimwambia kwamba Wabaptisti ni kadhehebu ka Wamarekani, kwamba hawana kichwa wala miguu, kwamba binti atachoka na kurudi. Mama akaitikia, "Haya, asanteni wanangu," akaenda zake. Ndani ya daladala, wakati wa kurudi seminarini, hakuna kati yetu aliyelitaja jambo lile. Tulijua kwamba jibu letu halikuwa la kweli, na kwamba halikumsaidia. Tunaandika makala haya ili tulijibu tena swali la yule mama, safari hii baada ya kusoma.

Tuanze na hilo la kadhehebu ka Wamarekani. Kusanyiko la kwanza la Wabaptisti lilianza Amsterdam mwaka 1609, miongoni mwa Waingereza waliokimbia mateso ya kidini nchini mwao wakiongozwa na John Smyth. Mwenzake, Thomas Helwys, alirudi Uingereza na kuanzisha kusanyiko London. Mwaka 1612 alichapisha kitabu kumweleza Mfalme James wa Kwanza kwamba mfalme ni mwanadamu, na kwa hiyo hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Aliutetea uhuru huo kwa ajili ya Wayahudi, Waislamu na hata sisi Wakatoliki, ambao mafundisho yetu aliyapinga vikali. Alifungwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amekwisha kufariki.

Kutoka hapo walienea. Mwaka 1783 George Liele, Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko Georgia kisha akapata uhuru, alifika Jamaica na kuanza kuwahubiria watumwa. Hiyo ilikuwa miaka kumi kabla William Carey hajafika India, ingawa vitabu vingi humtaja Carey peke yake. Upande huu wetu, mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alikuwa Mbaptisti. Aliongoza uasi dhidi ya wakoloni mwezi Januari 1915 na kuuawa siku chache baadaye. Mashariki mwa Kongo, mjini Goma, kuna jumuiya kubwa ya Wabaptisti. Hapa Tanzania wamisionari wa Kibaptisti kutoka kusini mwa Marekani walifika mwaka 1956. Walifanya kazi Dar es Salaam na kwa nguvu zaidi upande wa Mbeya na Tukuyu, wakajenga hospitali Kigoma na chuo cha wachungaji Arusha. Serikali ilipohamia Dodoma, watumishi wa umma wenye asili ya Rungwe na Kigoma walikuja na imani yao. Ndiyo maana leo, ukipita Nkuhungu, Ilazo au Kisasa, usishangae kukutana na kibao cha Kanisa la Baptisti mahali ambapo miaka kumi na mitano iliyopita palikuwa na shamba la uwele.

Sasa hilo la kichwa na miguu. Sisi tumelelewa katika Kanisa lenye jumuiya, kigango, parokia, jimbo na Baba Mtakatifu. Kwa hiyo tukikutana na Mkristo mwingine, swali la kwanza ni: makao makuu yenu yako wapi? Kwa Mbaptisti swali hilo halina jibu tunalolitarajia. Kwake, kusanyiko la waamini mahali pamoja ni kanisa kamili. Linamchagua mchungaji wake, linashika fedha zake, linaamua nani apokelewe na nani aondolewe. Makusanyiko hayo huungana kwa hiari kuunda miungano, kama ule uitwao Baptist Convention of Tanzania, ili kusaidiana katika uinjilishaji, shule na hospitali. Muungano hushauri na huchangisha, lakini hauliamuru kusanyiko. Mwaka 1905, jijini London, ulianzishwa Umoja wa Wabaptisti Duniani, ambao leo unakusanya miungano yenye waamini makumi ya milioni, na katika hesabu hiyo watoto ambao hawajabatizwa hawamo. Hata hivyo umoja huo nao hauna papa. Mwaka 2004 muungano mkubwa kuliko yote nchini Marekani, ule wa Wabaptisti wa Kusini, ulijitoa, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuuzuia.

Wapo kati yetu watakaosema: mnaona? Ndiyo hasara ya kukosa Petro. Nasi tunakubali kwamba ni hasara. Muungano huo wa Kusini ulizaliwa mwaka 1845 huko Augusta, Georgia, baada ya Wabaptisti wa Kaskazini kukataa kuwatuma wamisionari wanaomiliki watumwa. Ilichukua miaka 150, mpaka 1995, waombe radhi rasmi. Kusanyiko linalojiamulia mambo yake lenyewe linaweza kuifuata dhambi ya eneo lake na lisipate wa kulikemea. Lakini tusiseme hayo kwa sauti ya juu sana. Mwaka 1838 Wayesuiti wa Maryland, waliokuwa na Petro na maaskofu, waliuza watumwa 272, na fedha nyingine zikaenda kulipa madeni ya chuo cha Georgetown. Muundo mzuri hausafishi moyo.

Muundo huo wa Wabaptisti una maana kubwa kwa binti wa yule mama. Kama kila kusanyiko linaamua lenyewe, basi aliyetaka abatizwe upya si "Wabaptisti" wote wa dunia. Ni kusanyiko moja, na mchungaji mmoja anayeishi mtaa fulani na mwenye namba ya simu. Nchini Uingereza yapo makanisa mengi ya Kibaptisti yanayowapokea waliobatizwa utotoni bila kuwazamisha tena. Yapo mengine yasiyokubali kamwe. Kwa hiyo mazungumzo na mchungaji yule yaliwezekana. Hakuna aliyeyaanza: baba alibaki na hasira yake, kigango kikanung'unika, nasi mafrateri tukatoa jibu la mzaha.

Wala mazungumzo hayo yasingekuwa kitu kigeni. Kanisa letu limekuwa likizungumza na Umoja wa Wabaptisti Duniani tangu miaka ya 1984 hadi 1988, kisha tena 2006 hadi 2010, na awamu ya tatu ikaanza 2017. Mambo ambayo Roma inayazungumza kwa heshima, sisi tunayafanyia utani njiani.

Hapa twende kwenye kiini cha ugomvi. Mbaptisti anasema imani lazima itangulie maji. Mtoto mchanga hawezi kuamini, kwa hiyo hawezi kubatizwa. Aliyemwagiwa maji utotoni amelowa tu. Anapomzamisha binti yetu, kwake haurudii ubatizo. Anaamini kwamba ndiyo mara ya kwanza. Tukilifahamu hilo, tutaacha kudhani kwamba alikusudia kututukana.

Kulifahamu si kulikubali. Tunaosoma falsafa tunafundishwa kuuliza: uhuru wa mtu unaanzia wapi? Mtoto wa Kigogo hakuchagua Kigogo. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kuzaliwa Chamwino au kunyonyeshwa na mama yule. Lugha aliipewa kabla hajaweza kuikubali, na ni kwa lugha hiyo hiyo aliyopewa ndipo anaweza siku moja kusema "nakubali" au "nakataa". Zawadi ilitangulia, na uhuru ukakua ndani yake. Ndivyo tunavyouelewa ubatizo wa watoto wachanga: Mungu hutangulia. Tena Mbaptisti mwenyewe, tunavyomwona, humpeleka mtoto kanisani kuombewa, humfundisha kusali, humpeleka shule ya Jumapili kabla hajajua kusoma. Katika hayo yote hamsubiri mtoto achague. Kwa nini basi neema peke yake ndiyo isubiri mlangoni?

Lakini naye ana swali la kutuuliza, na tusilikwepe. Kama zawadi hutangulia, je, uhuru unafuata kweli? Ni wangapi kati yetu tunaowabatiza, tukawaandika katika daftari la parokia, kisha hatuwaoni tena mpaka Komunyo ya Kwanza, halafu mpaka ndoa, halafu mpaka mazishi? Binti yule aliimba kwaya miaka sita. Je, kuna siku yoyote ambayo mtu alikaa naye na kumweleza maana ya maji aliyomwagiwa akiwa na miezi miwili? Yule mchungaji alikaa naye wiki kadhaa akimfundisha. Linauma, lakini ni kweli.

Hata katika suala la uhuru wa dhamiri tuliwahi kuchelewa. Yale ambayo Helwys aliyaandika mwaka 1612, kwamba mtawala asimlazimishe mtu katika imani, sisi tuliyatangaza rasmi tarehe 7 Desemba 1965, katika Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Uhuru wa Dini. Mtaguso uliyajenga juu ya misingi yake wenyewe, yaani hadhi ya mtu na Ufunuo wa Mungu. Lakini hakuna aibu kukiri kwamba wengine walilipigania jambo hilo kabla yetu, tena kwa gharama ya maisha yao.

Tukigeuka tujitazame, tutakuta boriti. Tunalalamika kwamba Wabaptisti wanambatiza upya Mkatoliki. Je, Mbaptisti anapokuja kwetu tunamfanyaje? Mtu aliyezamishwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu amebatizwa kweli. Kanuni ya 869 ya Sheria za Kanisa inakataza kumbatiza tena, isipokuwa pana sababu nzito ya kutilia shaka ubatizo wake. Anatakiwa kupokelewa kwa kukiri imani. Hata hivyo tumeona katika vigango Mbaptisti akiwekwa darasa moja na wakatekumeni na kuandaliwa kumwagiwa maji usiku wa Pasaka, kwa sababu tu hakuna aliyemwomba cheti. Tukifanya hivyo, tunawatendea kosa lile lile tunalowalaumu nalo.

Na lipo kubwa zaidi. Binti yule hakulazimika kuhama Kanisa ili aolewe. Mkatoliki akitaka kufunga ndoa na Mkristo mwingine aliyebatizwa, Askofu wa jimbo anaweza kutoa ruhusa kwa sababu ya haki. Hivyo zinavyosema kanuni za 1124 na 1125. Mkatoliki huahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake huarifiwa ahadi hiyo. Si njia rahisi, hasa kwa kijana asiyeamini ubatizo wa watoto, na ugumu huo hautakiwi kufichwa. Lakini njia ipo. Binti aliambiwa na watu wake mwenyewe kwamba achague: kijana au Kanisa. Akachagua.

Tulirudi kigangoni baada ya likizo. Harusi ilikuwa imepita, na mama alikwenda peke yake. Tulimwomba radhi kwa jibu letu la kwanza, tukampa la pili: "Hapana, mama, yale maji hayakuwa ya bure. Alama ya ubatizo haifutiki, na maji ya pili hayakuyaosha ya kwanza. Mwanao ni wa Kristo tangu siku ile uliyombeba. Na kwa upande wa ndoa, mlango wa paroko uko wazi. Yapo mambo yanayoweza kurekebishwa kama wenyewe watataka." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni sawa kwake kwenda kumtembelea binti nyumbani kwake, au kama ni dhambi. Tukamwambia aende. Akasema baba yake ndiye hatakubali. Kwa hilo hatukuwa na jibu, ila tulikwenda naye mpaka nyumbani kumsalimu mzee.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Makatekista wafundishwe kuomba cheti cha ubatizo kabla ya kumwandikisha yeyote anayetoka dhehebu lingine. Vijana waelezwe kuhusu ndoa mseto mapema, wala isisubiriwe siku ya uchumba. Na sisi mafrateri, tutakaokuwa mapadre wa uwanda huu Mungu akipenda, tumjue kwa jina mchungaji wa Kibaptisti wa mtaa wetu kabla hatujaletewa kesi ya kwanza. Paulo aliwakumbusha Waefeso kwamba ubatizo ni mmoja. Kama tunaamini hivyo, basi wale waliozamishwa na sisi tuliomwagiwa ni ndugu, na ndugu hawazungumzwi kwa mzaha mbele ya mama anayelia.