Kaa chini, haliji kwenye mtihani!

Nikiwa kidato cha pili nilimuuliza mwalimu wa historia: kwa nini machifu wengine walishirikiana na Wajerumani? Akanijibu, "Hilo haliji kwenye mtihani, kaa chini." Darasa likacheka. Sikuuliza tena mpaka namaliza shule.

Jamani, Nyerere alishaandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ijenge akili ya kudadisi. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukabadilishwa, tukaambiwa sasa ni umahiri, si kukariri. Wapi! Tukiulizwa sababu sita, tulimwaga zile zile sita za kwenye notsi.

Simlaumu mwalimu peke yake. Anafundisha kinachopewa alama. Badilisheni mtihani kwanza. Mwanafunzi apewe alama kwa kutetea hoja yake, hata kama haimo kwenye notsi. Au tunaogopa atakachouliza akishatoka darasani?