Kasarani ya 2021 si ya kubezwa

Anayedhani mashindano ya dunia ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 20 ni mazoezi tu, na akumbuke Nairobi, Agosti 2021. Korona iliacha majukwaa ya uwanja wa Kasarani karibu matupu, na Marekani haikuleta timu. Waliobeza hawakukosekana: bila Wamarekani, medali hizo za nini?

Jibu lilikuja Paris miaka mitatu baadaye. Letsile Tebogo wa Botswana, bingwa wa mita 100 pale Nairobi kwa sekunde 10.19, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 200 huku Wamarekani Kenneth Bednarek na Noah Lyles wakimfuata kwa nyuma.

Na Emmanuel Wanyonyi je? Kijana huyo wa Trans Nzoia, aliyewahi kuchunga ng'ombe, alikuwa na miaka 17 alipomaliza mita 800 Kasarani kwa 1:43.76. Wiki chache kabla, Emmanuel Korir alikuwa amebeba dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo kwa 1:45.06! Fainali ya ubingwa ina mbinu zake, sawa, lakini muda wa Wanyonyi haukuwa wa mtoto. Paris alikimbia 1:41.19, akamshinda Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Tena si mabingwa wa Nairobi pekee: Faith Cherotich hakushinda pale. Alipata shaba ya kuruka viunzi na maji, nyuma ya Mkenya mwenzake Jackline Chepkoech. Mwaka 2022 huko Cali akaichukua dhahabu ya vijana, na 2025 akawa bingwa wa dunia.