Kipaza sauti hakisali



Kule Kengeja, kusini mwa Pemba, siku huanza kwa adhana. Sauti hutoka msikitini kwa kipaza sauti, ikafika majumbani na mashambani. Kijiji kizima husikia, lakini hata mtoto hasemi kwamba kipaza sauti kimesali. Anayesali ni yule aliyeacha usingizi, akatia udhu, akasimama mbele ya Mungu.

Tukumbuke hilo tunapoulizwa kama akili mnemba inaweza kuwa hai na kumwamini Mungu. Juni 2022, mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kuwa programu iitwayo LaMDA ina hisia kama mtu. Kampuni ilikanusha, na mwezi uliofuata ikamwachisha kazi. Juni 2023, mjini Fürth, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walihudhuria ibada ambayo mahubiri yake yalitungwa kwa sehemu kubwa na ChatGPT.

Utasema kipaza sauti hurudia tu, bali programu hizi hutunga. Ni kweli. Zimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, nazo hukadiria neno gani lifuate. Ndiyo maana sala zake hugusa moyo: zimetokana na sala za watu waliolia kweli.

Lakini imani si maneno mazuri. Msimu wa karafuu, mchumaji wa Pemba hupanda juu mtini. Tawi likilia chini ya mguu wake, husema, "Mungu wangu!" Hiyo ni sala kamili, kwa sababu anaweza kuanguka, na nyumbani kuna watoto wanaomngoja. Programu haina pa kuanguka. Haina njaa, deni wala kaburi. Inaweza kuandika mara elfu kwamba inamtumaini Bwana, isipoteze chochote.

Injili ya Yohana, sura ya kwanza, inatufundisha kwamba Neno alitwaa mwili. Mungu hakuona inatosha kutuletea maneno. Alikuja akachoka, akaona kiu, akafa msalabani. Wokovu wetu ulipita katika mwili wenye kuumia.

Je, Mungu hawezi kuihuisha mashine? Yohana Mbatizaji alisema Mungu aweza kumwinulia Ibrahimu watoto hata katika mawe, nami simwekei Mungu mpaka. Ila uhai ni wake kuutoa. Sisi tusiutangaze kwa kuwa tu mashine imesema inao.

Hofu yangu iko karibu zaidi. Fikiria mwalimu au muuguzi Mkristo aliyepangiwa kazi kijiji kama Kengeja, ambako karibu majirani wote ni Waislamu na kanisa liko mbali. Jumapili simu humwandalia mahubiri na sala kwa dakika moja. Kuyasoma si dhambi. Hatari ni pale anapoiachia simu imwombee, naye akajigeuza upande wa pili kitandani.

Ndugu yangu uliye peke yako, mtafute Mkristo mwenzako, hata awe mmoja, hata kijiji cha pili. Bwana aliahidi kuwapo walipo wawili au watatu kwa jina lake. Simu haihesabiwi katika hao wawili.

Jumapili njema.