Mwenye hisa, uliza njia ya kurudi
Wenye hisa wetu huuliza gawio. Kompyuta huwaachia mafundi. Watazame yaliyoikuta Royal Bank of Scotland. Jumapili, Juni 17, 2012, mafundi wake waliweka toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku. Kesho yake matatizo yakaonekana, nao wakaling'oa bila kujaribu kwanza kama matoleo hayo mawili yanapatana. Hapo ndipo benki ilipokwama hasa. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliathirika, kampuni nyingine zikashindwa kulipa mishahara, na Novemba 2014 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 56. Kwa hiyo, mkutano mkuu ukifika, muulizeni mkurugenzi: zoezi la kurudisha toleo la zamani mlilifanya lini? Akijibu kwamba mafundi wanajua, mimi ningepunguza hisa.